Ala yake iko wapi?

 

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima sijaandika kitu. Kazi za chumba cha habari mnazijua: mhariri anataka habari saa kumi jioni, na mtu uliyepanga kuzungumza naye kazima simu tangu asubuhi. Lakini safari hii ukimya una sababu nyingine. Kuna swali lilinikwama kooni nikiwa safarini, nikaona nisiandike jambo jingine mpaka nilipatie jibu. Swali lenyewe hata sikuulizwa mimi. Aliulizwa mjomba wangu, pale Segera.

Segera wengi mnaijua kwa tumbo. Ukitoka Dar, ukipita Chalinze, halafu Mkata na Kabuku, unafika kwenye njia panda. Kulia unakwenda Tanga kupitia Hale na Muheza, kushoto unakwenda Korogwe, Mombo, Same na hadi Moshi na Arusha. Mabasi yanasimama, konda anatangaza dakika kumi, watu wanakimbilia chipsi na choo. Machungwa yamepangwa mafungu barabarani. Na wapo Wamaasai, wengi wao wa hukohuko Handeni, wanauza mikanda, viatu vya ngozi na dawa za mizizi, sime ubavuni.

Mjomba wangu ni mfanyabiashara wa mazao. Ananunua machungwa na mahindi Handeni anapeleka Dar. Biashara hiyo mpaka miaka ya karibuni ilikuwa ya pesa mkononi, na mpaka leo wakulima wengi wanataka kuziona noti. Kuna mwaka alivamiwa njiani usiku, akapigwa, akanyang'anywa mzigo wa fedha. Baada ya hapo aliomba kibali cha silaha, akafuata taratibu zote, akakipata. Akanunua bastola ndogo, ya kuingia kiganjani.

Siku ile tulikuwa watatu kwenye pikapu yake: yeye, mimi, na mwanawe wa miaka tisa aliyekuwa likizo. Tulisimama Segera kula. Mimi na mjomba tukatangulia mezani, mtoto akasema anafuata, anavaa viatu. Tumeshaagiza wali na samaki, nikaona wahudumu wameganda. Nikageuka.

Mtoto alikuwa anakatiza uwanja kuja kwetu, bastola kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Mdomo wa mtutu umeelekea mezani. Anatabasamu. "Baba, umesahau hii."

Hakuna aliyepumua. Mjomba alisimama, kiti kikaanguka. Mimi, mwandishi wa habari ninayejidai nimeona mengi, sikuweza hata kufungua mdomo.

Aliyesogea ni mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa anauza mikanda mlangoni. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alipita upande wa mtoto, si mbele yake, akachuchumaa, akatandaza pembe ya shuka lake chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, hicho kizito. Kiweke hapa." Mtoto akakiweka. Mzee akamsogeza mtoto kwa mkono mmoja, kisha akamtazama mjomba. Wala hakumgombeza. Aliuliza tu:

"Ala yake iko wapi?"

Mjomba hakuwa na jibu. Alikuwa nayo, ile ya kitambaa cha nailoni aliyonunua kwa bei ya kutupa. Ilikuwa imebaki ndani ya gari, chini ya kiti. Akiendesha, mpini wa bastola ulimchoma mbavu, kwa hiyo kila akishika usukani aliivua yote, bastola na mfuko wake, akavisukuma pembeni. Huko ndiko mtoto alikoikuta, imeshachomoka. Baadaye njiani alituambia kwamba hakukuwa na risasi ndani ya chemba. Alisema mara mbili. Mara ya tatu sauti ikamkatika.

Basi, wadau, swali hilo ndilo nimekuwa nikilisoma. Ukisoma historia yetu kwa kuangalia ala badala ya silaha, unakuta mambo ambayo vitabu vya vita havitaji sana.

Tuanze na sime

Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Hebu siku moja mkisimama Segera acheni kuangalia sime, angalieni ala. Fundi anachonga vibao viwili vyembamba vya mti kufuata umbo la upanga, anavifunika kwa ngozi mbichi, na ngozi ikikauka inajikaza yenyewe. Hakuna msumari. Kisha inapakwa rangi nyekundu ile mnayoijua. Juu kuna sehemu ya mshipi, na ala inalala ubavuni, upande wa kulia.

Upanga wenyewe ni mwembamba karibu na mpini, mpana kuelekea nchani. Maana yake uzito mwingi uko chini, mbali na kiuno. Na uzito ukiwa chini ya mshipi, kitu kinaning'inia kwa utulivu, kama ndoo kisimani. Kijana anakimbia na ng'ombe, anaruka makorongo, anachuchumaa kuwasha moto, sime haitoki wala haimchomi. Wahunzi wa zamani wa Kimaasai walioitwa Ilkunono walifua vyuma hivi kabla ya zama za sime kutengenezwa kwa spring za magari. Chuma kimebadilika, lakini ala imebaki vilevile kwa sababu haikuwa na kasoro ya kurekebisha.

Pwani nako walikuwa na yao. Jambia la Waarabu wa Omani, lililovaliwa na masultani na matajiri wa Unguja, lina ala iliyopinda karibu kona kamili. Nilidhani ni pambo. Pambo lipo, fedha tupu, lakini kule kupinda kunafanya kazi pia. Ala iliyopinda haiwezi kuteleza na kupita kwenye mshipi, na inakaa katikati ya tumbo, ncha ikiangalia pembeni. Mwenyewe anaketi mkekani, anakunja miguu, anakunywa kahawa, silaha haimsumbui.

Sime na jambia vilionekana. Hilo ndilo nataka mlishike. Mtu akiingia barazani na jambia kila mtu amelijua liko wapi, liko katika ala au limetoka. Likitoka, watu wote wanakuwa mashahidi. Ala ilikuwa na walinzi wa ziada, macho ya watu.

Sitaki kuwapamba wazee kupita kiasi. Kuonekana kwa silaha hakujawahi kuzuia damu kumwagika. Desemba 2000 kule Rudewa Mbuyuni, Kilosa, zaidi ya watu 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mtu akiamua kuua, ala haimshiki mkono. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Ala inamlinda mtu na lile ambalo hakuliamua.

Magobori yasiyofichika

Karne ya 19 eneo hili la Handeni na Korogwe lilijaa bunduki. Richard Burton na John Speke walipopanda kutoka Pangani kwenda Vugha kumwona Kimweri ye Nyumbai mwezi Februari 1857, bunduki za Wazigua zilikuwa tayari zinatikisa bonde la mto Pangani. Kimweri alipofariki mwaka 1862 ufalme wa Wasambaa ukapasuka. Mwanawe Semboja alikaa chini bondeni, Mazinde, kwenye njia ya misafara, akabadilisha pembe na watumwa kwa bunduki na baruti. Ndugu zake waliobaki milimani walikuwa na heshima ya kiti, Semboja alikuwa na magobori. Mnaweza kukisia nani alishinda.

Lakini gobori au gumegume lilikuwa refu karibu na kimo cha mtu. Lilibebwa begani. Kiunoni kilikaa kipembe cha baruti na vifuko vya risasi. Ukitaka kumjua mwenye bunduki ulimwona toka kilima kingine. Na kulijaza kulichukua muda: baruti, tambara, risasi, shindilia. Mtoto wa miaka tisa asingeweza kulibeba kwenda hotelini akamwambia baba yake kalisahau.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, yakakubaliana kuzuia uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha utumwa. Ilisaidia pia kuhakikisha wenye bunduki wanabaki wao. Abushiri bin Salim alikuwa ameshanyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani alikuwa anaishiwa nguvu. Kuanzia hapo silaha ya moto katika nchi yetu ikawa kitu cha mtawala.

Na mtawala alivaa bastola ili aonekane. Ofisa wa Kijerumani alikuwa na revolva ubavuni ndani ya mfuko mgumu wa ngozi wenye kifuniko kikubwa. Kifuniko kilizuia vumbi na mvua, na kilihakikisha bastola haidondoki juu ya farasi. Kuichomoa kulichelewesha, lakini kazi yake kubwa haikuwa kuchomolewa. Kazi yake ilikuwa kuning'inia pale kodi inapodaiwa.

Waingereza walikuja na mkanda wao. Mkanda ule wa ngozi unaopita begani, wanaouvaa maofisa kwenye gwaride mpaka leo, unaitwa Sam Browne. Samuel Browne alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza India, akapoteza mkono wa kushoto vitani mwaka 1858. Kwa kawaida askari alishikilia ala ya upanga kwa mkono wa kushoto ili isiyumbe. Yeye hakuwa na mkono huo tena. Inasimuliwa kwamba ndipo akabuni kamba ya begani ya kubeba uzito na kuutuliza mkanda. Mkanda mashuhuri kuliko yote ya kijeshi umeitwa kwa jina la mtu aliyehitaji silaha itulie bila kushikwa. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mzee wa Segera.

Bastola inaingia mfukoni

Sasa tufike kwenye shina la tatizo la mjomba. Bastola ya kuficha haikuanzia kwetu. Philadelphia, Marekani, fundi Henry Deringer alitengeneza vibastola vya kuingia mfukoni, na kimoja cha aina hiyo ndicho John Wilkes Booth alichoingia nacho ukumbini Aprili 14, 1865 akampiga Rais Lincoln. Lakini aliyeifanya bastola ndogo iwe kitu cha kila mtu ni John Browning, Mmarekani wa Utah, akishirikiana na kiwanda cha FN cha Ubelgiji. Mwaka 1906 walitoa bastola ya risasi za milimita 6.35, iliyokusudiwa kukaa mfuko wa kizibao. Uzito gramu 370 hivi bila risasi, urefu kama sentimita 11. Ni nyepesi kuliko nusu kilo ya sukari.

Bastola nyingine ndogo aliyoibuni Browning huyohuyo, ile ya mwaka 1910, ndiyo aliyokuwa nayo Gavrilo Princip kule Sarajevo Juni 28, 1914. Risasi mbili. Miaka miwili baadaye, Juni 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka bonde la Pangani yakaingia Korogwe na Handeni yakiwafukuza Wajerumani. Wapagazi kwa maelfu, njaa, magonjwa, mashamba ya Wazigua yakaliwa na majeshi mawili. Simaanishi kwamba kibastola peke yake kilileta vita, wanahistoria watanichapa. Nasema tu kwamba kitu kilichofichika ndani ya koti la kijana wa Bosnia kilifika mpaka Handeni.

Nairobi pia wanalo la kwao. Julai 5, 1969, Tom Mboya alikuwa anatoka duka la dawa Government Road, mchana, watu wakipita na shughuli zao. Bastola haikuonekana mpaka ilipolia. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa kosa hilo. Na sisi waandishi wa Dar tunayo ya juzijuzi: Machi 23, 2017, siku Nape Nnauye alipoondolewa uwaziri, mtu mwenye nguo za kiraia alimchomolea bastola hadharani, mbele ya kamera. Hakukuwa na mtu aliyejua kwamba yule bwana ana silaha mpaka ilipokuwa mkononi mwake. Macho ya watu, wale walinzi wa ziada niliowataja, yalikuwa yamestaafishwa.

Udogo una gharama zake

Hapa ndipo mimi nilipojifunza jambo ambalo sikulijua, na ambalo naamini mjomba hakulijua. Unaweza kudhani bastola ikiwa ndogo ndiyo rahisi kubeba. Kwa uzito, ndiyo. Kwa utulivu, ni kinyume.

Kumbukeni sime na ndoo kisimani. Bastola kubwa ina mtutu mrefu unaoshuka chini ya mkanda, kwa hiyo uzito wa chini unaivuta na kuibana mwilini. Bastola ndogo mtutu wake mfupi. Sehemu nzito ni mpini uliojaa risasi, nao unakaa juu ya mkanda. Matokeo yake inapinduka. Mpini unaegemea nje na kuinua shati, au unaingia ndani na kuchoma mbavu. Ukiketi kwenye gari ndiyo balaa kabisa, kwa sababu tumbo na mkanda wa usalama vinasukuma upande mmoja na kiti kinasukuma upande mwingine.

Kwa hiyo ala ya bastola ndogo inatakiwa kufanya kazi kubwa kuliko ala ya bastola kubwa. Lazima iwe pana kuliko bastola yenyewe, ili ieneze uzito kiunoni badala ya kuuacha sehemu moja. Wengine huirefusha chini kupita mdomo wa mtutu kwa sababu hiyohiyo, kuipa mzizi. Lazima ishikane na mkanda mgumu. Ukiifunga kwenye mkanda laini wa suruali ni kama kutundika mlango kwenye ukuta wa udongo mbichi. Inafaa iinamie mbele kidogo ili mpini ufuate mbavu. Iwe na umbo la bastola ileile, si mfuko wa kila saizi, ili bastola isichomoke kwa kujipinda. Mdomo wake usijifunge bastola ikitoka, ili mtu asiingize vidole akitafuta pa kuirudishia. Na juu ya yote ifunike kabisa kile kichuma kinachovutwa kwa kidole. Kikiwa wazi, ufunguo, kifungo cha shati au kidole cha mtoto vinaweza kufanya kazi ya kidole chako.

Mafundi wa Marekani walishindana juu ya haya karne nzima ya 20. Walianza na ngozi iliyolowekwa ikakaushwa juu ya bastola yenyewe ili ichukue umbo, jambo ambalo fundi wa ala ya sime angelitambua mara moja. Kisha miaka ya 1970 ikaja plastiki ngumu inayoitwa Kydex, iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya ndani ya ndege. Ngozi inatulia mwilini lakini inalegea kwa jasho na miaka. Plastiki hailegei lakini inakwaruza. Wapo wanaochanganya, plastiki nje na ngozi upande wa mwili. Kwa joto la Mkata saa nane mchana, mtu unaelewa kwa nini.

Nilipoanza kusoma haya niliona ni mambo ya watu wenye raha zao. Starehe ya kiuno! Baadaye ndipo nikaelewa kwamba starehe ndiyo usalama wenyewe. Silaha inayouma huvuliwa. Ikivuliwa huwekwa mahali. Na mahali hapo, chini ya kiti, kwenye droo, juu ya kabati, ndipo mtoto au mwizi anapoifikia.

Si dhana yangu tu. Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952, walowezi walivaa bastola kila mahali, wanaume kwa wanawake, mpaka mezani wakati wa chakula cha jioni. Hasa baada ya familia ya Ruck kuuawa Kinangop Januari 1953. Lakini binadamu ni binadamu. Bastola ilichosha kiuno, ikawekwa kwenye mkoba, mkoba ukawekwa kitini, mwenyewe akainuka. Wapiganaji wa msituni waliokuwa wakitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya kuvuta walijua thamani ya kila silaha iliyosahauliwa. Kupoteza silaha kwa uzembe kukawa kosa la kuadhibiwa. Serikali ya kikoloni, yenye ndege za kudondosha mabomu msituni, ilikuwa inahangaika na tatizo la mfuko wa bastola.

Turudi nyumbani

Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Tumo pia katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Hizi ni karatasi za maana na sizibezi. Lakini katika mazungumzo yetu, kuanzia magazetini kwetu mpaka vijiweni, maswali ni yaleyale: nani ana bastola, kaipata wapi, ana kibali? Mjomba wangu angejibu yote hayo vizuri na kupewa maksi mia. Swali alilofeli ni la mzee muuza mikanda.

Mababu zetu hawakutenganisha vitu hivi viwili. Huwezi kununua sime tupu ukaondoka umeishika mkononi njia nzima kama kichaa. Hata methali yetu inasema mapanga mawili hayakai ala moja, maana yake kila panga lina ala yake, ni jambo la kudhaniwa. Sisi tumeleta silaha ndogo kuliko zote, inayoteleza kuliko zote, ya hatari kuliko zote, tukaiweka kwenye kitambaa cha nailoni kwa sababu pesa yote tumemaliza kwenye chuma.

Ndiyo jibu nililopata, wadau, kama ni jibu. Silaha inayoonekana inalindwa na ala pamoja na macho ya watu. Silaha iliyofichwa inalindwa na ala peke yake. Kadiri unavyoificha, ndivyo unavyomwondolea jirani nafasi ya kukusaidia. Na kama ala yenyewe nayo huwezi kuivaa kutoka Dar mpaka Korogwe, basi kwa kweli huna bastola. Una bahati tu, mpaka siku itakapokwisha.

Sijaamua kama naunga mkono raia kubeba silaha. Usiku ule mjomba alipovamiwa mimi sikuwepo, na nikiyaona makovu yake nakosa ujasiri wa kumhubiria. Ila nilimpigia simu wiki iliyopita, nikamsomea sehemu za niliyoandika hapa. Nilitegemea anikemee.

"Mjomba," akaniambia, kama tunavyoitana, "nimeshanunua nyingine. Ya ngozi, pana. Imenigharimu kama mbuzi wawili. Na mkanda mgumu pia."

Nikamuuliza kama haimwumizi akiendesha.

"Haiumi. Lakini naihisi. Kila nikikanyaga breki naihisi ipo." Akanyamaza kidogo. "Ile ya kwanza, siku ile Segera, nilivyokaa pale mezani niliona raha sana. Nilikuwa mwepesi. Ndiyo kitu kinachonitisha mpaka leo."

Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Anaendelea vizuri, ila kila wakipita Segera anataka washuke wamsalimie yule mzee. Mara mbili hawakumkuta. Mara ya tatu walimkuta. Mkanda mgumu niliousikia mwanzo ulitoka kwake.

Haya, nimemaliza. Wale mnaomiliki silaha, au mliokulia nyumba zenye silaha, naomba maoni yenu hapa chini, hata bila majina. Yenu yalikaa wapi? Na nyinyi mlijua?

Tuonane wiki ijayo, mhariri akiniachia.